Mbuzi Watatu Ghorofa ya Nne

Kayole, 9 Februari 2025

Shangazi Wavinya,

Kuna mlio umeniganda masikioni tangu Jumanne: kwato zikipanda ngazi za simiti. Ko, ko, zinateleza, zinatulia, halafu ko, ko tena, na sauti ya mwanamume ikibembeleza, "Twende, mama, twende." Nilikuwa jikoni nikiosha sufuria. Nilidhani ni wapangaji wapya wanapandisha kitanda.

Lakini nisikose adabu. Bwana asifiwe. Huko baridi imepungua? Sisi tuko salama. Phelister wa mlango wa pili anakusalimu. Bado anakaanga samaki pale stejini penye matatu na bado anajua habari za wapangaji wa ploti nzima kabla hazijatokea. Mimi naendelea na kazi ya utafiti: nagonga milango, nauliza watu walikula nini jana, naandika, naondoka. Digrii ya masomo ya maendeleo imenifikisha hapo. Baba ana nguvu, ila macho, kama nilivyokueleza Krismasi, yamefunikwa na ukungu mtupu. Anachonga vinyago vyake kwa kupapasa, na majuzi twiga wake alitoka na miguu mitatu. Hospitali ya misheni imetupa nafasi mwezi wa sita, jicho la kulia kwanza, tukifika na malipo. Daktari anasema mtoto wa jicho akiachwa akomae zaidi, kumtoa kutakuwa shida, na huenda Baba asione tena.

Sasa, hizo kwato. Nilifungua mlango nikakuta kijana mwenye fulana ya buluu, anahema, kamba tatu mkononi. Anaitwa Patrobas, ni afisa wa mradi wenu wa Mbuzi wa Matumaini, ofisi iko Donholm. Ni mtu mpole sana. Aliwapandisha mbuzi watatu hadi ghorofa ya nne na bado akavua viatu mlangoni.

Baba alikuwa sebuleni. Haoni, kwa hiyo alikuwa amesikia vizuri kuliko sisi sote. Alisimama, akanyoosha mkono, akapapasa wa kwanza, wa pili, wa tatu: pembe, mgongo, kiwele.

"Majike wawili na dume," alisema, na sauti yake ikabadilika. "Nani amekutuma?"

"Dada yako Wavinya, mzee, pamoja na kanisa lake la Uingereza."

"Mmekuja kwa heshima?"

"Kwa heshima kabisa, mzee."

"Na mnamtaka nani?"

"Tungependa Ndanu ndiye awapokee," alisema Patrobas, akitoa simu ya kupiga picha.

Shangazi, sihitaji kukufundisha Ukamba. Majike wawili na dume mmoja wakiingia kwa baba wa msichana, hiyo ni ntheo, na ntheo ikipokewa msichana ameolewa. Patrobas kwao ni Kakamega, si Ukambani, hakujua. Baba alimpigia Mutie, mchongaji mwenzake wa ukoo wetu, aje awe shahidi. Soda zikaagizwa. Patrobas alikunywa mbili na akashukuru kwa mapokezi ambayo, alisema, hajapata kuyaona katika nyumba nyingine yoyote. Nilikuwa nimeingia bafuni kunawa uso kwa ajili ya picha. Nilipotoka, nilikuwa mke wa kanisa.

Baada ya wageni kuondoka nilimweleza Baba kwamba huo ni msaada.

"Msaada?" alisema. "Hakuna mtu hupandisha mbuzi watatu ngazi zote hizi bila kutaka kitu. Wanataka nini?"

"Wanataka picha."

"Ya nani?"

"Yetu. Tukicheka."

"Hao ni watu wa kuogopa," alisema. Kisha akarudi kwenye imani yake ya kwanza, ambayo angalau ina mantiki: kuna mkwe, na mkwe atakuja.

Basi tumekwama hivi. Mradi unasema mbuzi hawauzwi mpaka wazae. Baba anasema mbuzi wa ntheo hawaguswi mpaka mwenyewe aonekane. Wako kwenye baraza tunapoanikia nguo. Shiundu, keateka anayesimamia jengo letu, ameshapanda mara mbili: "Ndanu, hii ni ploti, si soko la mbuzi la Kiamaiko. Leo mbuzi, kesho mtaniletea ngamia?"

Nina swali moja tu. Ulipowaambia habari zetu, uliwaambia kwamba shida ni macho?

Wako,
Ndanu


Coventry, 2 Machi 2025

Mpendwa Ndanu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Barua yako ilinifikia nikitoka kazini, nikaisoma nikiwa bado na koti. Theluji imeisha lakini upepo wa hapa unaingia hadi kwenye meno. Wazee ninaowahudumia wawili wamefariki mwezi huu, mmoja mikononi mwangu. Mungu ni mwema, nina afya.

Nafurahi kwamba mbuzi wamefika salama. Hujui furaha mliyoleta huku! Picha ilionyeshwa ukutani, kubwa kama mlango. Kakangu Mativo alionekana wazi akitokwa na machozi, na watu waliguswa sana. Mama mmoja alilia naye. Barua yako pia niliisoma mbele ya ibada kwa Kiingereza. Mahali pengine nilifupisha, unajua wenzetu hawapendi mambo marefu. Ndiyo maana nakuomba uandike barua za karatasi, si za simu. Barua ya mkono inawapa picha ya nyumbani.

Yule jike mwenye doa jeupe amepewa jina. Anaitwa Margaret. Watoto wa shule ya Jumapili wanamwombea kila wiki, kwa hiyo mtunze.

Kuna mambo madogo ambayo kamati imeuliza. Kwa nini mbuzi wamesimama juu ya vigae? Na kile kitu cheusi nyuma ya Mativo, ni televisheni? Mimi nilisema ni ya jirani. Picha ijayo mshuke chini, mahali penye udongo, na wewe ufunge kitambaa kichwani. Si kwamba tunadanganya. Ni vile tu mtu anayetoa anapenda kuona alichokitoa kimefanya nini, na vigae vinamchanganya.

Mambo ya ntheo mwambie kakangu aache mzaha. Hizo ni hadithi za zamani. Mimi mwenyewe nimezisahau.

Msalimie sana. Msalimie Phelister.

Shangazi yako akupendaye,
Wavinya


Kayole, 23 Machi 2025

Shangazi,

Poleni kwa msiba wa wale wazee. Nimewaza sana juu ya yule aliyekufia mikononi. Hukuandika jina lake, nami sikujua nimtaje vipi katika maombi.

Huku kumeanza kunyesha. Phelister anakusalimu lakini kwa shingo upande, kwa sababu Margaret amekila kitenge chake cha kanisa, kile cha kikundi cha Wamama, kilichokuwa kimeanikwa. Amekitafuna kuanzia pindo hadi kiunoni. Nilipoenda kuomba msamaha aliniuliza, "Na wewe, huyo bwana yako ni mmoja ama ni kwaya nzima?"

Yale machozi, Shangazi, ni dawa ya macho. Nilikuwa nimemtilia matone muda mfupi kabla ya picha. Nafurahi yamewagusa.

Sasa niandike ya ndoa, kwa kuwa umesema ni mzaha. Sikuweza kumwambia Baba kwamba umesahau, kwa hiyo nilimwambia hukujibu. Yeye anawasubiri wakwe zake. Amenituma maswali ambayo mkwe yeyote huulizwa akifika, na naomba uyasome mbele ya ibada bila kufupisha. Mnatoka ukoo gani, na nani alikufa kwenu hivi karibuni? Mnakula nini? Mmeshaoa kwingine? Hili la mwisho nilimjibu mwenyewe, maana Patrobas alikuja kuwakagua mbuzi akaniambia mradi umeshafikia nyumba arobaini. Baba alishika kichwa. "Wake arobaini," alisema, "na hajawahi kulala kwa hata mmoja."

Usicheke. Au cheka, kisha ufikirie. Mimi nilisomeshwa miaka minne kuhusu umaskini, nikaandika tasnifu yenye majedwali, na hakuna mhadhiri aliyewahi kusema jambo ambalo Baba analiona akiwa haoni: anayeleta kitu nyumbani kwa mtu huja mwenyewe, huketi, huulizwa maswali, na huweza kukataliwa. Wafadhili wetu wamepata namna ya kuleta mbuzi bila kupitia hayo yote. Wala sijitoi. Juzi niligonga mlango wa mama mmoja hapa Kayole, nikamuuliza alikula nini jana. Aliniambia, "Mwaka jana pia uliniuliza. Ilikusaidia?" Sikuwa na kisanduku cha kuandikia jibu hilo.

Unataka udongo kwenye picha. Udongo wa karibu ni wa mtaro wa maji taka. Nitauliza kama Margaret atakubali.

Kuwalisha ni kazi. Hapa nyasi hazioti, majani tunanunua kwa mtu wa mkokoteni na maganda ya viazi naokota kwa wauza chipsi. Kilichokuwa kikiwekwa kwa ajili ya jicho kinapita midomoni mwa mbuzi, taratibu, huku mimi nikiangalia. Dume ana macho mazuri sana, ya manjano. Anaona kila kitu.

Mwezi wa sita unakaribia. Nauliza tena, kwa herufi kubwa ikibidi: uliwaambia kuhusu macho?

Ndanu


Coventry, 11 Mei 2025

Ndanu mwanangu,

Nisamehe kwa kukawia. Zamu zimekuwa nyingi, na nilikuwa nikianza barua naiacha.

Natumaini mko wazima na mvua imepungua. Mimi nina mgongo tu.

Maswali ya kakangu sikuyasoma kanisani. Niliyasoma mwenyewe, jikoni. Niliposikia ile sauti yake ikiuliza mnakula nini, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Umeniuliza mara mbili, nami nakujibu. Niliuliza kamati kuhusu jicho. Walinisikiliza vizuri sana. Walisema wameumia kusikia, lakini mradi ni wa mbuzi, na mbuzi huzaa, jicho halizai. Walitumia neno la kumaanisha kitu kinachoendelea chenyewe bila wao. Mwenyekiti alisema wakianza na macho, mwaka ujao itakuwa meno. Kisha wakaniombea.

Sasa nisikilize, usikasirike kabla hujamaliza. Mwezi wa tisa watachagua nyumba arobaini nyingine, na wanataka video fupi: wewe na Mativo mkisema maisha yamebadilika. Dakika moja tu. Video ikipendwa, huenda baadaye nikarudi na lile la jicho kwa njia nyingine. Najua jicho haliwezi kusubiri baadaye. Najua. Lakini fanya hiyo video.

Ndanu, wewe umesoma, una maneno makali, na mara nyingi unasema kweli. Lakini hujakaa huku. Nilikaa benchi la nyuma la kanisa lile miaka sita, na hakuna aliyekaa kando yangu isipokuwa kanisa limejaa. Leo wananishikia kiti. Wananiuliza, Wavinya, unaonaje? Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu nitoke nyumbani. Usiniharibie.

Kuhusu idadi, mimi niliandikisha wawili. Niliwaambia wawili wanatosha. Lakini kulikuwa na ofa ya Krismasi, ukinunua wawili wa tatu ni bure, na kila mtu alikuwa anafurahi, na sikujua ningeanzia wapi kueleza.

Margaret anaendeleaje? Watoto wanauliza.

Shangazi yako,
Wavinya


Kayole, 22 Juni 2025

Shangazi Wavinya,

Bwana asifiwe. Natumaini mgongo umetulia; upumzike, na usiwainue wale wazee peke yako. Phelister anakusalimu kwa moyo mweupe, tulimnunulia kitenge kingine. Mutie anakusalimu pia, na anasema anakukumbuka ukiwa msichana mbishi.

Video sikufanya.

Barua yako niliisoma mara nyingi kuliko ulivyodhani ningeisoma. Ile sehemu ya benchi niliisoma hata nikiwa kazini, nimesimama mlangoni kwa mtu. Ndipo nilipojua kwamba hukusahau ntheo. Ulimwona wa tatu akiongezwa, ukajua ni nini, ukanyamaza ili usichekwe. Sikulaumu. Mimi pia nilicheka kwenye picha.

Siku iliyofuata nilimwambia Baba, mbele ya Mutie, kwamba nimekataa ndoa. Baba alifurahi, maana kwake hilo ni jambo linaloeleweka. "Msichana akikataa, amekataa," alisema. "Na mkwe mwenyewe hajaonekana tangu mwezi wa pili." Mutie alipewa kazi ya kuamua mbuzi waende wapi. Alianza kwa kupendekeza tuwale. Tulipokataa alijikuna shingo, akasema mume aliyeoa akatoroka amepoteza haki yake: majike wawili wabaki kwa baba wa msichana kwa ajili ya matunzo na aibu, na dume arudishwe kuwa mbuzi wa ulee, yule wa kuvunja ndoa mbele ya mashahidi. Sina hakika kama sheria ya ukoo iko hivyo kweli. Mutie naye hakuwa na hakika. Lakini alisema kwa sauti nzito, na Baba akasema, "Sawa, wauzwe," na mimi nilikuwa nimeshafungua kamba.

Kiamaiko ni karibu. Mnunuzi anaitwa Wathome. Alimshika Margaret mgongoni mara moja, akanitazama. "Huyu amelishwa viazi," alisema. Nilimwambia pia ameombewa. Alisema hiyo haiongezi uzito. Waambie watoto kwamba Margaret amefanya kazi kubwa kuliko mbuzi wote wa mradi, na kwa mara ya kwanza utakuwa umesoma kanisani jambo la kweli kutoka kwetu.

Mbuzi wawili, na kilichobaki cha akiba, jicho moja. Lilifanyiwa upasuaji Jumatatu. Walipofungua bendeji Baba alinitazama muda mrefu akasema nimekonda, kisha akamtazama muuguzi akasema yeye hajakonda. Nilijua amepona.

Tukiwa bado pale hospitalini tulikutana na Patrobas, amemleta mama yake. Alifurahi kwa dhati, akatoa begini kijitabu kipya cha mradi ili kumwonyesha Baba. Kwenye jalada kuna mzee mwenye machozi, mkono juu ya mbuzi. Baba alikisogeza karibu, akakisogeza mbali.

"Huyu mzee maskini ni nani?" aliuliza.

Patrobas alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Mungu wangu," alisema Baba. "Amesaidiwa?"

Hatukumwambia. Labda anajua. Usiku ule alichonga, na twiga wake ana miguu minne.

Shangazi, unaniuliza bila kuniuliza: basi watu wenye moyo wafanye nini, wakae tu? Hapana. Wakati ule Phelister alipoharibiwa nguo yake na mbuzi wa msaada, bado alikuwa akimletea Baba samaki, na kila mara alisimama mlangoni akauliza, "Leo unataka kichwa ama mkia?" Hilo tu. Kanisa lenu lina moyo na lina mali, na swali la namna hiyo halijawahi kulipita mdomoni. Wakitaka kurudi, wamtume mtu aketi kwenye kochi letu, aulizwe maswali ya Baba, na akubali kuambiwa hapana. Jicho la kushoto bado liko. Wasilete mbuzi.

Na wewe, njoo. Si kama mjumbe. Hapa huhitaji mbuzi ili mtu akae kando yako. Kochi ni dogo, utabanwa pande zote, na utaulizwa unaonaje mpaka uchoke.

Najua barua hii itakuharibia kiti. Nimefikiri sana juu ya hilo, na nimefanya hata hivyo. Jana asubuhi nilimteremsha dume ngazi zote, Shiundu akinishangilia, "Eeh, mwenye boma anahama!" Tulitembea hadi Donholm, Mutie mbele na Phelister nyuma kama mashahidi. Nilimfunga dume kwenye mlango wa ofisi, nikasema mbele ya wote kwamba ndoa imekwisha.

Patrobas alitoka na kikombe cha chai mkononi. "Lakini Ndanu," alisema, "hapa hatuna mahali pa kuweka mbuzi."

Nilimwambia hata sisi hatukuwa napo. Nikamwachia kamba.

Mwanao,
Ndanu